Mleta uzi wa glukosi ya maranda, usinunue hiyo asidi kwanza

Mkuu wa Nachingwea, rudisha hela mfukoni. Umeandika kwamba maranda unapewa bure kwenye mashine ya mbao, utayachemsha kutwa nzima na asidi ya betri iliyochanganywa na maji, utachuja, utatia chokaa, kisha uuze sharubati ya glukosi kwa watu wa spiriti. Halafu ukamalizia kwa mbwembwe: "Nimepima kidogo kwa Benedikti, imetoa nyekundu ya tofali, kwa hiyo glukosi ipo." Kwa wageni, Benedikti ni dawa ya maabara ya kupimia sukari. Hapo ndipo nilipoacha chai yangu.

Hiyo nyekundu ya tofali ndiyo iliyokula malipo yangu ya korosho ya msimu mzima.

Benedikti haijui glukosi ni nani. Inabadilika rangi kwa sukari za aina nyingi: kwa glukosi, kwa fruktosi, kwa zailosi, kwa ndugu zao wengi tu. Sasa angalia kilichomo kwenye mbao: selulosi karibu nusu, halafu hemiselulosi (minyororo ya sukari mchanganyiko), halafu lignini, gundi inayoshikilia vyote. Asidi nyepesi kwenye sufuria inayochemka, nyuzi 100, inavunja hemiselulosi, na kwenye mbao ngumu kama mninga hiyo inakupa zaidi zailosi. Selulosi, ambayo ndiyo yenye glukosi unayoitaka, minyororo yake imelaliana na kubanana kiasi kwamba asidi haipati pa kuingilia. Inabaki kwenye kitambaa cha kuchujia na wewe unaimwaga, huku unashangilia rangi.

Mimi nilishangilia kwa vitendo. Nikanunua asidi ya kutosha mapipa, chokaa kwa viroba, nikamlipa fundi wa kuchomelea, nikachukua na kianzio cha mteja mmoja wa hapa Masasi. Siku ya kutia hamira, ndiyo inayogeuza glukosi kuwa spiriti, nikaita na mashahidi. Povu jembamba likatokea ukingoni mwa pipa, likazunguka kidogo, likakata. Asubuhi hamira yote imelala chini, juu kuna maji ya kahawia yametulia tuli, hakuna hata kiputo. Hamira ya mikate haili zailosi! Na kwa vile nilikuwa nimechemsha kupita kiasi, sehemu ya hiyo zailosi ilishageuka kemikali iitwayo furfurali, na mbao yenyewe ilikuwa imetoa asidi ya siki. Hivyo viwili vinaidhoofisha hamira hata kama glukosi ingekuwepo. Msinicheke, kemia nilipata C ya halali kabisa.

Aliyenipoteza ni bwana mmoja wa video, koti jeupe, miwani, kila kitu. Anamimina, anakoroga, video inakatwa, mara rangi nyekundu na muziki. Nilipomwandikia kwamba hamira imegoma, akanijibu "ongeza muda wa kuchemsha, ndugu." Niliongeza. Kama kuna anayehitaji lami ya kuziba bati, ninayo. Mtu wa aina hiyo angekuwa fundi baiskeli tungeshamfukuza mtaani, lakini kwa kuwa amevaa koti jeupe tunamwita daktari.

Kuvunja selulosi kwa asidi kunawezekana, mkemia Braconnot alishafanya huko Ufaransa mwaka 1819, ila sikia bei yake. Njia ya asidi nyepesi inataka joto la nyuzi 180 na kupanda, na hapo mvuke unasukuma kuliko upepo wa tairi la lori. Presha kuka ya jikoni inaishia kama nyuzi 120. Ukichelewa kidogo kwenye joto hilo, glukosi nayo inaanza kuharibika. Njia ya pili ni asidi kali ya asilimia 72 kwa joto la kawaida, kisha unaizimua na kuchemsha. Hiyo inakula ngozi na macho kabla haijala mbao, na kila kilo ya asidi inataka robo tatu kilo ya chokaa kuituliza, kisha inakuachia karibu kilo moja na robo tatu ya jasi. Kilwa wanaichimba ardhini, wewe unataka kuipika.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hamira ipime kabla ya pochi. Tuliza asidi kwanza kwa chokaa mpaka karatasi ya litmasi nyekundu na ya bluu zote zisibadilike, chuja, kisha chupa tatu. Moja maji na sukari ya dukani, ya pili maji matupu, ya tatu sharubati yako. Hamira sawa kila chupa, puto kwenye mdomo wa chupa, acha hadi kesho; hamira ikila sukari inatoa gesi na puto linavimba. Puto la tatu likilala kama la pili, huna sharubati ya kumuuzia mtu wa spiriti.

Kama shida yako ni spiriti, muhogo upo. Wanga unavunjika kwa asidi nyepesi kwenye sufuria ya kawaida (isiwe ya aluminiamu, itatoboka), na tone la iodini likiacha kutoa bluu ujue wanga umekwisha. Mabibo ndiyo kabisa, glukosi na fruktosi zimo tayari, na kila Oktoba yanaoza chini ya mikorosho huku sisi tukibishana na mninga.

Uliuliza pia mambo ya kibali na mbao ipi bora. Kibali cha asidi ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mbao tutaongea maputo yakishafungwa. Weka picha humu, na ile ya Benedikti usiniwekee.