Mambo ya kutarajia fundi anapokuja kufanya sevisi ya hita ya maji

Kila mwaka masika yanapokaribia kumalizika, kabla ya baridi ya kipupwe kuingia, humwita fundi nyumbani kwetu Mbweni aje kufanya sevisi ya hita ya maji ya bafuni. Ni hita ya umeme ya lita 50, na anayeitegemea zaidi ni mama yangu, ambaye tangu alipovuka miaka 70 magoti yake hayastahamili maji ya baridi. Watu wengi ninaozungumza nao hapa Unguja huamini kwamba hita ikishatundikwa ukutani haihitaji tena kuguswa mpaka siku itakapokufa, na mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka minne.

Mwaka wa tano nilimwita fundi wa kwanza. Alipangusa vumbi, akaligusa bomba kwa kiganja na kuhisi lina moto, akasema kila kitu kiko sawa, nami nikamlipa. Haikupita miezi miwili mama akatoka bafuni amejifunga kanga, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, maji ya leo yananidunga kama sindano, na wala si ya moto." Nilipoligusa bomba la mvua kwa nyuma ya vidole nilihisi umeme ukinitekenya, nikakimbilia kuzima swichi kuu. Hadi leo nikilikumbuka jambo lile moyo hunienda mbio, kwa sababu sakafu ilikuwa imerowa na mama alikuwa peku.

Fundi wa pili, mtu mzima aliyeletwa na jirani, hakutoa kauli yoyote mpaka alipoifungua. Koili, yaani chuma cha ndani kinachopasha maji moto, ilitoka imevikwa gamba jeupe lenye unene wa kidole gumba, na chini ya gamba hilo ilikuwa imepasuka, kwa hiyo umeme ulikuwa ukivujia ndani ya maji. Waya wa ethi, ambao ungeuchukua umeme huo na kuupeleka ardhini, ulikuwa unaning'inia tangu siku hita ilipofungwa. Vigae vya chokaa alivyovichokoa vilijaza karibu nusu ndoo. Kimoja alikigonga sakafuni, kikavunjika kama ganda la chaza.

Sababu yake imo katika ardhi tunayoishi juu yake. Maji mengi ya kisiwa chetu yanatoka chini, yakiwa yamepita kwenye mawe ya chokaa na kuyayeyusha kidogo kidogo, na yanapochemshwa chokaa hiyo huganda palipo na moto mkali zaidi, yaani juu ya koili. Aliyewahi kuchungulia ndani ya birika la umeme anaujua utandu huo. Wengi husema kwamba chokaa ndiyo inayomaliza uniti za Tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, lakini kwa hita ya namna yetu hilo si jambo kubwa, kwa kuwa koili imezama majini na joto lake lote huishia majini. Kuyapasha moto maji ya lita 50 hadi nyuzi 60 huchukua karibu uniti mbili, chokaa iwepo isiwepo. Linaloharibika ni koili yenyewe, ambayo hushindwa kupoa, ikaungua na kupasuka.

Kwa hiyo tarajia sevisi ya kweli ichukue saa moja na nusu hadi mbili, na bafu lichafuke. Fundi huanza kwa kuzima umeme kwenye breka, kisha akahakikisha kwa testa kwamba haupo, halafu hufunga maji na kulimwaga tangi lote. Akishaichomoa koili huiloweka katika siki au maji ya ndimu ya unga, kisha huipima: ya wati 1,500 inapaswa kuonesha takriban ohm 35, na baina ya koili na bati la nje pasiwe na njia yoyote ya umeme. Mwombe akuoneshe pia fimbo ya magnesi, ambayo wengi wetu hatujui hata kuwa imo. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Yetu ilikuwa imebaki waya mwembamba, na kama tungechelewa zaidi tangi lenyewe lingetoboka. Asichokoe ndani ya tangi kwa bisibisi, kwani rangi ya ndani ikikwaruzwa kutu huanzia hapo hapo.

Jambo jingine la kusimamia ni vali ya usalama. Maji ya lita 50 yanapopata moto hutanuka kwa zaidi ya nusu lita, nayo lazima yapate pa kutokea, kwa hiyo vali kudondoka matone wakati hita inawaka si ubovu. Niliwahi kuingia nyumba moja nikakuta wameuziba mrija wake kwa kijiti ili sakafu isirowe. Tafadhali, msifanye hivyo. Tangi lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka.

Kuhusu joto, sisi tumeweka nyuzi 60. Chini ya 50 vijidudu vinavyoleta homa ya mapafu vinaweza kuishi ndani ya tangi, lakini maji ya nyuzi 60 humbabua mtu kwa sekunde chache, hivyo mama hufungua kwanza ya baridi ndipo akachanganya.

Dada yangu anayeishi Uingereza huniambia kwamba kwao mitambo ya kupasha maji mara nyingi hutumia gesi, na fundi wa kila mwaka hukagua zaidi njia ya moshi kwa kuhofia hewa ya sumu isiyo na harufu. Ukiwa na hita ya gesi hapa kwetu, jambo hilo linakuhusu pia, na pahala pake si ndani ya bafu lililofungwa.

Nunua gasketi mpya, yaani mpira unaozuia maji yasivuje pale koili inapofungwa, kabla fundi hajafika, kwa sababu ya zamani ikishafunguliwa mara nyingi haibani tena, na usimwite asubuhi ya Ijumaa: maduka yakifungwa kwa ajili ya swala nawe unatafuta gasketi, hita itabaki wazi na nyumba haina maji. Anapomaliza, asiwashe umeme mpaka bomba la moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa, kwani koili ikiwashwa kavu huungua papo hapo. Usiku ule tandika karatasi kavu chini ya hita, na asubuhi, kabla mtu hajaoga, iangalie kama imerowa.