Maswali na majibu: shanga kwenye ufumaji wa mkono

Nimenunua shanga nzuri sana lakini uzi haupiti kwenye tundu. Nifanyeje?

Nunua nyingine. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno: uzi kwanza, shanga baadaye. Nenda dukani na kipande cha uzi mkononi. Na namba ya ukubwa wa shanga ikipanda, shanga inapungua: namba 6 ina upana wa milimita 4 hivi, namba 8 milimita 3, namba 11 milimita 2. Uzi wa sweta jaribu na namba 6, uzi mwembamba wa shali na namba 8. Namba 11 waachie watunga hereni.

Nitunge shanga zote kwenye uzi kabla ya kuanza, au niziweke moja moja kwa sindano ya kroshia?

Ukitunga kwanza, shanga hulala katikati ya vitanzi viwili, tundu zake zikielekea kushoto na kulia. Kazi inakwenda haraka. Lakini shanga zote zinaburutwa juu ya uzi mpaka ya mwisho ifumwe. Shali ya harusi ya mdogo wangu niliianza hivyo, shanga 400 kwenye sufu laini isiyosokotwa vizuri. Kabla sijafika nusu uzi ulikuwa umeota manyoya na kukonda kama wa kushonea. Nilifumua yote.

Nikarudia kwa kroshia ya milimita 0.75. Shanga unaivika kwenye shingo ya kroshia, unanasa kitanzi kilichoko sindano ya kushoto, unakiteremshia shanga, unakirudisha kitanzi kwenye sindano, ndipo unakifuma. Shanga inakaa wima na inaonekana mbele na nyuma. Ni kazi ya taratibu, ila uzi haupati shida, na ukibadili mawazo katikati ya mstari hakuna kilichoharibika. Kwa sufu laini, sikushauri njia nyingine. Kutunga kabla kunafaa pamba iliyosokotwa imara.

Nimetunga rangi kwa kufuata mchoro, ua limetoka kichwa chini.

Shanga iliyoingia mwisho ndiyo inayofumwa kwanza. Tunga ukianzia mwisho wa mchoro.

Naweza kubandika kwa gundi?

Hapana.

Nataka kumfumia mjukuu wa miezi 5 kofia yenye shanga. Nikaze uzi kiasi gani?

Mama, usiweke shanga kabisa. Mtoto wa umri huo kila kitu anakipeleka mdomoni, na uzi wowote siku moja hukatika. Shanga moja inatosha kumkaba. Mfumie vinundu vya uzi wa rangi nyingine, vinapendeza vilevile na utalala usingizi. Wauzaji wanaotundika kofia hizo za watoto wachanga wananiudhi sana.

Shali yangu imerefuka tangu nilipoifua, na shanga nyekundu zimechuja.

Hukufuma kipande cha majaribio. Shanga 1,000 za namba 8 ni gramu 25 hivi, na shali nyingi nyembamba huishia kwenye donge moja la gramu 100. Umeongeza robo ya uzito, lazima kitambaa kivutike. Fuma kipande kidogo chenye shanga, kiloweke, kitundike usiku kucha, ndipo upime sentimita zako. Shanga nazo: chache ziweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha zisugue kwa kitambaa cheupe. Kioo ambacho chenyewe ni cha rangi hakichuji. Kilichopakwa rangi juu huchuja. Za plastiki usizisogezee pasi.

Bibi yangu alikuwa na kitambaa cha kufunikia jagi, chenye shanga pembeni. Nami nakitaka.

Swali hili limenifurahisha. Hicho ni cha kroshia, na hapa uzito unaolaumiwa kwenye shali ndio unaohitajika: shanga zinakivuta chini pande zote ili upepo usikifunue na inzi wasipate njia. Chukua uzi wa pamba na shanga kubwa za kioo, zote za uzito mmoja, la sivyo kitalalia upande. Fuma duara lipite mdomo wa jagi kwa vidole vitatu. Ukifika mzunguko wa mwisho, kata uzi, tunga shanga zote, unganisha tena, kisha sogeza moja kwenye kila kona ya ua la pembeni. Kijaribu juu ya jagi kabla hujafunga fundo.