Dari Ikiwa Chini, Anzia Sakafuni

Dada mmoja wa Busia ameniandikia wiki hii. Nyumba aliyonunua ina dari ya chini mno. Mabati yakishapata jua la saa nane, vyumba vinakuwa tanuri. Fundi amemwambia dawa ni moja tu: kung'oa paa, kuongeza kozi tatu za matofali, kisha kulirudisha. Bei aliyotajiwa ilinikasirisha hata mimi nisiyeilipa. Anauliza kama hakuna njia nyingine.

Ipo, dada yangu. Unaikanyaga kila siku: ni sakafu, ishushe. Mimi nimeimaliza juzi tu hapa Tororo, katika nyumba aliyoniachia mama.

Kutoka sakafuni hadi darini palikuwa na mita 2.36. Shangazi zangu walisema nyumba za zamani ndivyo zilivyo, nikae nazo hivyo hivyo. Mimi nikatazama milango. Tundu la mlango kwa kawaida huachwa mita 2.1, yangu yalikuwa na mita 2, na kila mlango ulikuwa umekatwa chini kwa msumeno. Linta, ile boriti ya juu ya mlango, haijashuka, kwa hiyo sakafu ndiyo iliyopanda. Nikapasua shimo dogo kwenye kona, nyuma ya mlango wa sebule, nikasoma historia ya nyumba yetu: vigae na gundi milimita 15, chini yake mchanga na saruji milimita 45, halafu ile sakafu nyekundu ya utotoni mwangu, milimita 40, ndipo nikafika kwenye zege. Sentimita 10 nzima. Kila aliyekarabati alimwaga yake juu ya ya mwenzake akaenda zake.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha shimo lile alisema, "Mama, sisi sakafu tunapandisha, hatushushi." Kisha akauliza mume wangu yuko wapi ili wazungumze. Ndugu zangu nao wakasema ninazika pesa ardhini wakati watu wanaweka dari za jipsamu zenye taa. Maneno hayo bado yananiuma. Leo wakija wanasimama sebuleni wanatazama juu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, "Ulikuwa sahihi." Basi nasema mwenyewe: nilikuwa sahihi. Na hiyo jipsamu ingenila sentimita nyingine 10 au zaidi, maana huning'inizwa chini ya mbao.

Habari za vumbi nazipita. Tuliondoa yote hadi kwenye zege, tukasawazisha kwa mchanganyiko mwembamba wa kujisawazisha wa milimita 4, gundi milimita 4, vigae milimita 8. Jumla milimita 16 mahali pa 100. Dari sasa iko mita 2.44 na paa halijaguswa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Usikubali fundi akuwekee mchanga na saruji kwa unene wa sentimita 1 eti ndiyo sakafu nyembamba. Safu hiyo ikishikana vizuri na zege inahitaji angalau milimita 25. Chini ya hapo itapasuka na kubanduka. Ukitaka wembamba, tumia mchanganyiko uliotengenezwa kwa kazi hiyo, au piga zege msasa wa mashine uliache liwe sakafu yenyewe. Na kabla ya kupasua chochote, ujue nyaya na mabomba yamepita wapi. Huku kwetu mafundi hupenda kuyafukia humo humo. Zima umeme, funga maji.

Unyevu nao una jaribio rahisi. Bandika kipande cha nailoni cha mita moja kwenye zege tupu, ziba kingo zote kwa utepe, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake, usiweke kigae. Zege linapitisha maji ya ardhini, na mvua za Machi hadi Mei zitakuonyesha zaidi.

Kuna wanaotaka zaidi, wavunje zege lenyewe na kuchimba. Inawezekana, ila hapo muite mhandisi. Ukichimba karibu na msingi mfupi, ukuta unaweza kuhama. Sakafu ibaki juu ya udongo wa nje kwa sentimita 15 hivi, la sivyo mvua itaingia kukusalimia. Nailoni nzito chini ya zege jipya usiiruke hata ukihimizwa vipi, na dawa ya mchwa imwagwe kabla yake. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya hapa Uganda ya mwaka 2013 inataka kibali kwa kazi ya kubadilisha jengo, iwe umeamua kuinua paa au kuchimba.

Wenye ghorofa, kwenu faida ni kubwa kuliko urefu. Kila sentimita 1 ya mchanga na saruji ina uzito wa kilo 20 hivi kwa mita moja ya mraba. Sentimita 10 ni kilo 200 ambazo huenda aliyechora nyumba hakuzihesabu. Lakini kama sakafu ya ghorofa yenu imejengwa kwa matofali ya udongo wa kuchoma yenye uwazi ndani, zege la juu yake ni jembamba. Msiruhusu mashine ya kuvunjia igonge hapo.

Ndugu zangu, pimeni kwanza. Fundi asiyepima anauza anachokijua, na wewe ndiwe unayelipa. Mwanamke hasa, shika futi mwenyewe, andika namba mwenyewe, ukiulizwa mume yuko wapi mwonyeshe namba.

Milango yangu ilibaki ikielea, kwa hiyo fremu ziliunganishwa mbao ngumu chini na milango ikanunuliwa mipya, mirefu. Gharama hiyo iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo. Bafu niliacha kama lilivyo, kwa sababu ukishusha sakafu yake lazima ushushe na bomba la maji machafu, na bomba hilo linahitaji mteremko wake hadi shimoni.