Maswali Yenu: Tunahamia Mombasa, watoto watazoea?

SWALI: Shangazi shikamoo. Sisi tuko Nakuru, mume wangu amepata kazi bandarini Mombasa na mwezi ujao tunahama na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 6. Hapa wamezoea kutoka nje tu wakute miti na ndege, sasa nikiangalia picha za Mombasa naona maghorofa, magari na hoteli. Kweli kuna mahali watoto watacheza bila kulipia hoteli? Na sisi watu wa bara, Kiswahili chetu kibovu na si Waislamu, tutapokelewa?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibuni sana. Hizo picha ulizoona ni za upande mmoja, za mchanga na viti vya hoteli. Mombasa ni kisiwa, na bahari imekizunguka ikaingia ndani mpaka Tudor, Mikindani, Jomvu na Port Reitz, huko ndiko kwenye mikoko, na mimi mgeni akiniambia anataka kuona miti na viumbe nampeleka huko kwanza, ufuo baadaye.

Nilimpeleka mjukuu wangu Jomvu siku moja, kina mama wa kikundi walikuwa wanapanda mikoko pale ilipokatwa kwa kuni na nguzo. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, alafu ikidondoka maji yakiwa yametoka inajichoma topeni ikasimama wima. Basi mtoto akakaa kungojea moja idondoke mbele yake, nusu saa nzima, haikudondoka, akaanza kununa, mara akaona kaa wadogo wametoka mashimoni, dume ana gando moja kubwa karibu lishinde mwili wake na analipunga kama anaita watu, akasahau mbegu na kila kitu. Na wale kina mama, mmoja Mgiriama, mmoja Mluo, mmoja Mkamba, na bibi mmoja mwenyeji wa hapo hapo Jomvu, wanabishana jina la mti, huyu anauita mkoko yule anasema huu ni mkaka, huku mikono yote iko topeni. Nakwambia hili kwa sababu umeuliza maswali mawili na mimi naona ni moja.

Kitu nakuomba mjifunze mapema ni maji. Yanajaa na kutoa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo mahali watoto walipocheza leo saa nne asubuhi wiki ijayo saa hiyo hiyo ni bahari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, katikati hapo ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Wazee wa uvuvi wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, waulize tu, watafurahi kuulizwa. Na mkitembea mwambani maji yakitoka vaeni viatu, kuna vidude vyeusi vya miiba mirefu, na msikanyage matumbawe, yako hai yale.

Nyumba sasa. Kazi ikiwa bandarini msivutwe na nyumba nzuri ya Mtwapa, foleni itawamaliza. Likoni mtavuka kwa feri, kwa miguu ni bure, lakini muda wa kungoja hautabiriki. Angalieni Tudor au Mikindani, na kabla hamjalipa kodi fungua bomba uonje, maji ya visima vingi hapa ni ya chumvi na ya kunywa mtanunua kwa mitungi ya mkokoteni.

Jumapili jioni nendeni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu. Hakuna tiketi. Meli kubwa inapita mlangoni hapo karibu mpaka watoto wanawapungia mabaharia, unanunua mihogo ya kukaanga ya moto, muuzaji anakukamulia ndimu na kukunyunyizia pilipili, na ukiangalia kushoto kuna buibui, kulia sari, nyuma yako watu wametoka kanisani na nguo zao za Jumapili. Haller Park Bamburi mtalipa, lakini nendeni hata mara moja. Lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya simiti, mwaka 1971 wakaanza kupanda miti na mingi ikafa, mivinje ikakubali, alafu jongoo, huyu huyu jongoo watoto wanamkimbia, wakaletwa wakala majani ya mivinje yaliyoanguka mpaka pakawa na udongo. Waonyeshe wanao jongoo, nakuomba.

Kuhusu kupokelewa, Kiswahili chenu watacheka kidogo, wasikuvunje moyo, wanao baada ya miezi mitatu watakuwa wanakusahihisha wewe. Mwezi wa Ramadhani jirani ataleta sahani ya futari, pengine mahamri na mbaazi, pengine kaimati. Pokea, na sahani usiirudishe tupu, tia chochote, hata ndizi mbili. Na mjiandae na joto la Februari na Machi, likiwashinda mjue kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikishaanza kuvuma mtalala vizuri, na Julai unaweza hata kutafuta shuka.

SWALI: Shangazi, tumbili wanaingia jikoni kwetu Shanzu wanabeba mkate na matunda, jirani anasema tuwatilie sumu. Nifanyeje?

JIBU: Sumu hapana, hapana kabisa, itaua paka, itaua ndege, na mtoto akiokota je? Tumbili walikuwepo kabla ya mtaa wenu, miti yao imekatwa na jikoni kwako kunanukia. Weka wavu dirishani, ndoo ya taka iwe na kifuniko cha kubana, na ongea na majirani wote waache kuwarushia chakula, kwa sababu mmoja akiwalisha nyote mtatembelewa. Akikuuma au kukukwaruza, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.