Kuunga kichwa kwenye shingo ya gitaa: kazi iko kwenye randa

Kwa swali la kama kichwa cha gitaa kinachoinama nyuma (sehemu ya mwisho wa shingo ambako nyuzi zinakazwa) kichongwe pamoja na shingo kwenye ubao mmoja mnene au kiungwe: unga. Kwenye ubao mmoja nyuzinyuzi za mbao hazikifuati kichwa. Zinaendelea kunyooka na shingo, kwa hiyo nyuma ya nati, kile kipande kidogo nyuzi zinapopitia kuingia kichwani, zinakatwa mshazari na kubaki fupi, na hapohapo mara nyingi ndipo unapochimba nafasi ya kukazia chuma cha shingo, fimbo ya ndani inayoizuia shingo isipinde. Gitaa likianguka chali, linavunjikia hapo.

Ubao unakatwa mshazari upate vipande viwili: kirefu cha shingo na kifupi cha kichwa. Mkato wa digrii 15 kwenye ubao wa unene wa mm 20 unatoa mteremko wenye urefu wa karibu mm 77. Digrii 13 inatoa karibu mm 89. Chora mstari pande zote mbili za ubao, kata mm 2 nje ya mstari, usihangaike msumeno ukiacha mawimbi.

Sasa kigeuze kipande kifupi ukilaze juu ya shingo, ncha yake nyembamba ifike pale mteremko wa shingo unapoanzia, ili miteremko yote miwili iwe uso mmoja mrefu. Chini weka ubao wa taka, ukingo wake ulingane na ncha ya shingo. Bila huo, ncha inapinda chini ya randa, inainuka randa ikishapita, na unaishia na uso usionyooka. Bana vyote mezani, piga randa kali kutoka juu kushuka. Ncha zote mbili lazima ziwe mstari ulionyooka, wa skwea na ubavu. Ncha ikienda upande, kichwa kitakaa kimejisokota, na hakuna msasa utakaokirudisha. Simamisha rula ya chuma juu ya mteremko, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, taa ikiwa nyuma yake. Mwanga ukipenya, endelea na randa. Gundi haijazi pengo.

Kwa kuunga, napendelea kipande cha kichwa kilale juu ya mteremko wa shingo, mteremko wake wenyewe utazame juu ukilingana na uso wa shingo. Hapo kiungo kinafunikwa na ubao wa freti (ule wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi), ambao nao unakiongezea nguvu. Njia nyingine, ya kukigandisha chini ya shingo, ni imara pia, ila mstari wa gundi unakatiza usoni mwa kichwa na utahitaji kuufunika kwa ubao mwembamba wa mm 2.

Wengi wanaharibu wakati wa kubana. Gundi mbichi inateleza kama sabuni, na klampu ikisukuma kwenye mteremko, kichwa kinahama mm 3 au 4 bila wewe kuona. Dawa yake: panga vipande mahali pake kwanza bila gundi, toboa matundu mawili ya mm 2, kila moja mm 6 kutoka ubavuni, upitishe misumari myembamba. Ubao ukiwa na upana wa mm 75 na shingo mm 43 kwenye nati, sehemu hiyo ni taka. Ng'oa misumari kabla ya kukata umbo, msumeno usije kukutana nayo.

Tumia gundi ya mbao inayokauka ikawa ngumu. Inayobaki kama mpira itaachia polepole kwa mvuto wa nyuzi. Mteremko unanyonya kuliko ubavu wa ubao, kwa hiyo paka koti jembamba, subiri dakika 5, kisha paka tena. Weka nailoni juu na chini, ubao mnene juu yake, klampu 3 au 4, kaza mpaka utoke ushanga mwembamba wa gundi pande zote. Ukikaza kupita hapo unaweza kuikamua gundi na kiungo kikabaki kikavu. Acha saa 24 kabla ya kupunguza unene wa kichwa hadi mm 14 au 15, na upunguze kutoka nyuma.