Mwasumini Hauna Dume

Shangazi wa Bustani anajibu barua zenu kutoka Ngamiani, Tanga

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nakaa Sahare, hapa hapa Tanga. Mwaka juzi mama mkwe alinipa kipandikizi cha asumini kutoka kwake Pangani. Nilikipanda ukutani nyuma ya jiko, chini ya mwembe, nisipate taabu ya kubeba maji. Kila mwisho wa mwezi nakitilia yurea kiganja kimoja. Mmea umestawi hasa, umeshafika juu ya bati, majani yamefungamana. Lakini maua, tangu nipande, nimehesabu manne tu! Wa mama mkwe unamwaga maua mpaka anagawia majirani. Wifi yangu anasema nilipewa dume, niung'oe. Mdogo wangu anaolewa Desemba na nimeshaahidi kwamba vikuba, yale mashada madogo ya asumini ya kujipamba, nitatunga mimi. Nifanyeje? Mama wa Watatu, Sahare.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie wifi yako dume akalitafute kwenye mipapai. Ua la asumini lina uume na uke ndani yake, hapo hapo. Tena hii asumini yetu ya vikuba ni nadra kushika mbegu. Watu hukata vijiti, wakapeana, wakapanda. Kwa hiyo mwasumini wako na wa mkweo huwezi kuuita mtu na dada yake. Ni mwili mmoja uliokatwa vipande viwili. Katani nayo ni hivyo hivyo. Yule Mjerumani aliyeileta katani nchini, Hindorf, alipoagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa huko huko Pangani kwa mkweo, na mashamba yakazaliwa kutoka hapo bila kungoja mbegu. Sasa kama mwili ni mmoja, na kipande cha Pangani kinachanua, mmea umeshajitoa kwenye kesi. Tukague nyuma ya jiko lako.

Hayo maua manne uliyaona wapi? Mimi sijafika kwako, lakini naapa yalikuwa juu kabisa, penye bati, pale tawi lilipochomoza nje ya kivuli cha mwembe. Mwasumini unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, likizidi ni heri. Chini ya mwembe kazi yake ni moja tu, kurefuka ukilitafuta jua. Mtafute kijana apunguze matawi ya mwembe upande wa mashariki, jua la asubuhi liingie. Usiuhamishe mwasumini wenyewe. Kwa umri huo utakusumbua bure na harusi haingoji.

Yurea nayo iache leo. Karibu nusu yake, 46 katika kila 100, ni naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Waachie wanaolima mchicha. Wewe weka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nusu debe, uizungushe mbali kidogo na shina. Ya kuku, kama bado mbichi, usiiguse. Nilipohamia nyumba hii ya Barabara ya 12 nilimwaga ndoo nzima kwa pupa yangu, na mwasumini alioniachia bibi ukaungua mizizi, ukakauka wote. Nililia siku mbili, mtu mzima mimi. Huu nilio nao leo nilikwenda kuuomba kwa jirani ambaye bibi alimpa kijiti zamani.

Lakini hata ukipata jua na samadi, bila mkasi utaendelea kuhesabu manne. Asumini hutoa ua kwenye ncha ya tawi jipya. Tawi la zamani lililokwisha kuchanua halirudii. Linakaa pale kula na kutanda. Bibi yangu alikuwa akitunga vikuba vya kuuza kila Alhamisi jioni (wakubwa mnajua kwa nini Alhamisi), na mfukoni hakukosa kimkasi cha cherehani. Akishachuma maua ya tawi, anakata na ile ncha, majani mawili chini yake. Nilidhani anaharibu. Baada ya siku chache pale alipokata pametoka vitawi viwili, kila kimoja na matumba yake. Ukuta wake ulikuwa hauvuki kimo cha mtu, na nyumba nzima inanukia hadi barabara ya pili. Wako umefika kwenye bati, basi hata ungechanua ungechuma kwa ngazi!

Fanya hivi, na ufanye wiki hii, maana tumeingia Oktoba. Kata theluthi moja ya mmea. Najua mkono utasita. Anza na yaliyokauka, kisha vile vijiti vyembamba vilivyosongamana ndani, kisha ushushe kimo. Kila unapokata, kata juu kidogo ya kifundo chenye majani. Matawi marefu yaliyobaki usiyaelekeze juu. Yalaze ubavuni, kushoto na kulia, kwenye fito. Tawi likilazwa, kila kifundo huchipua. Likisimamishwa, hukimbia ncha peke yake. Na ujue mwasumini hauna vikono vya kushikia kama mpesheni, kwa hiyo ni lazima uufunge. Tumia kamba ya katani, si waya: waya hupata moto juani na hulikata tawi likinenepa. Funga kwa mfano wa namba nane, tundu moja la fito, tundu moja la tawi, na ulegeze.

Vuli ikinyesha itakusaidia. Hesabu wiki sita hadi nane tangu kukata, ndipo matumba yaanze, kwa hiyo Desemba utakuwa na maua. Vikuba vya harusi nzima? Hapana mwanangu, nisikudanganye. Mti mmoja uliokatwa juzi hautoshi. Wako utatosha kikuba cha bibi harusi; vingine mpigie simu mkweo mapema, kabla majirani hawajawahi.

Siku yenyewe uchume alasiri, matumba yakiwa meupe, yamenenepa, bado yamefumba. Ukingoja yafunguke umechelewa, maana hufunguka kuanzia magharibi na kesho yake yameshageuka rangi na kudondoka. Yafunge kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba, uyaweke kivulini hadi saa ya kutunga pamoja na rehani na maua ya mkadi, ule mti wa pwani unaonukia. Ohoo, na huo mkadi ndio wenye dume na jike. Mwambie wifi.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume, Bagamoyo, Mji Mkongwe. Nyumba ya babu ni ya mawe ya matumbawe. Tulipokarabati ukuta, kifusi tulikifukia pale pale, nami nikapanda mwasumini juu yake. Majani machanga yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nimeweka majivu ya jikoni, yamezidi kuwa njano. Ni ugonjwa gani? Mjukuu wa Fundi, Bagamoyo.

JIBU: Marahaba baba. Hakuna ugonjwa, umeupanda kwenye chokaa. Matumbawe ni chokaa, na yameshikanishwa kwa chokaa. Udongo wa namna hiyo hufunga madini ya chuma: yamo, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya, na majani machanga ndiyo hulia kwanza. (Ingekuwa njano imeanzia majani ya zamani ya chini, ningekwambia mmea una njaa ya mbolea.) Majivu nayo ni ndugu wa chokaa, umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Usihangaike na kuuponya hapo ulipo. Kata vijiti vitatu vinne vya urefu wa shibiri, visiwe laini sana wala vigumu kama kuni, uvichomeke kivulini kwenye mchanga wenye unyevu. Kwa mvua hizi vitatoa mizizi ndani ya mwezi na zaidi kidogo. Wakati vinangoja, chimba shimo la futi mbili kila upande, mbali na ukuta, toa kifusi chote, ujaze udongo mwekundu wa shamba na mboji. Makumbi ya nazi yaliyooza yanafaa sana, ila yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokota kamba, yana chumvi. Yaoshe maji matatu kwanza. Ukishindwa kuchimba, tumia ndoo kubwa uitoboe chini. Mwasumini unakubali kukaa kwenye ndoo miaka.

Angalia na maji. Kisima chenye chumvi huunguza kingo za majani zikawa kahawia. Mvua ikinyesha, kinga maji ya bati uyatumie hayo.

SWALI: Mume wangu hataki asumini dirishani, anasema harufu yake huita nyoka. Kweli? Bi Mdogo, Makorora.

JIBU: Nyoka anafuata panya, vyura na mayai. Akiuona mwasumini uliotanda hadi chini, na takataka zimejaa shinani, atajificha humo kama ambavyo angejificha kwenye rundo la kuni. Kata matawi ya chini, paachwe futi moja wazi kutoka ardhini, ufagie, na banda la kuku lisogee mbali na dirisha. Akizidi kukataa, mtungie kikuba kimoja Alhamisi jioni, halafu umuulize tena Ijumaa.