Machungwa yanang'aa, nazuiwa ya nini?

SWALI: Shikamoo mama shamba. Mi nachukua machungwa Muheza napeleka Mombasa, juzi mpakani nimegandishwa nusu siku eti sina cheti cha afya ya mimea, na machungwa yenyewe yanang'aa! Si kunikomoa huku?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Kung'aa si hoja. Nzi wa matunda jike anatoboa ganda anataga humo ndani, kitundu chenyewe kama umechoma sindano, ulipasue baada ya siku kadhaa uone funza wanavyojinyonganyonga. Na kuna huyu nzi wa kutoka Asia, Kenya alionekana 2003, pasipoti hana lakini leo kaenea sehemu kubwa ya Afrika. Ndo maana toka 1951 kuna Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, chini ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo: nchi inayotuma mzigo inakagua kwake na kutoa cheti, inayopokea nayo ina haki ya kukagua tena. Kwetu hicho cheti kinatoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, sasa we kakiombe kabla hujapakia, si ukishafika geti ndo unaanza kupiga simu. Na yale majani mnayofunikia matenga, toeni jamani, wadudu wanajificha humo.